Mwalimu wa Shule Isiyo na Mlango

Jina lake silitaji. Ana sababu zake, na hata sisi tuliokaa naye miaka minne tulimwita Mwalimu tu. Ukithubutu kumwita kwa jina anakugeukia na kukutazama kama umeingia bafuni bila kubisha. Watoto walimwita Mwalimu, mama zao walimwita Mwalimu, na mimi dereva wao nikafuata mkumbo. Yeye mimi aliniita Darasa la Saba, kwa sababu siku ya kwanza aliniuliza nimesoma mpaka wapi na mimi kwa ujinga nikasema kweli.

Nieleze kwanza hii shule ni shule gani. Riyadh kuna Waswahili wengi wenye watoto, wa Kenya na wa kwetu Tanzania. Wengine waume zao ni manesi, mafundi wa mitambo, watu wa kompyuta. Hao wana ikama, vibali vya kuishi, za familia nzima, kila mtoto na kadi yake, ila ada za shule za wageni zimewatoa jasho wakanyanyua mikono. Wengine ni kina mama waliokuja kufanya kazi za ndani, wakatoka kwa kafili, bosi aliyewaleta, kwa sababu wanazozijua wao, wakazalia huku huku. Mtoto wa mama kama huyo hana ikama, hana cheti, hana chochote kinachosema kwamba yupo. Shule haimpokei hata umlilie mlinzi. Basi wote hao, wenye karatasi na wasio nazo, walikuwa wanasomesha watoto nyumbani, watatu sebule hii, wawili jikoni kule, mpaka Mwalimu alipowakusanya kwenye fleti moja mtaa wa Suwaidi, juu ya duka la mazulia. Watoto kumi na wanne. Mimi nilikuwa nawatania kwamba wana bahati mbaya kuliko wanafunzi wote duniani, maana shule yao haina hata mlango wa kutorokea.

Mwalimu mwenyewe alikuwa katika hao wa pili. Karatasi zake zilikufa zamani. Na alikuwa na binti, Zuhura, miaka kumi na tatu, mrefu, mkimya, anasoma Kiarabu kuliko watoto wa wenyewe. Baba yake Zuhura hatukumuuliza na hakutuambia. Tulichojua ni kwamba mtoto alizaliwa Jeddah, chumbani, akapokelewa na mama mmoja wa Kiswahili jirani yao, na hakuna aliyeandika popote. Mwalimu alitaka kitu kimoja tu katika maisha yake, na alikisema waziwazi, akipika, akifua, akisahihisha daftari: aondoke nchi hii na Zuhura, ndege moja, viti viwili, akamtie shule ya kweli kabla hajawa mtu mzima. Kuondoka peke yake ilikuwa rahisi. Anajipeleka kwa polisi, anafungiwa, anarudishwa kwao, halas. Lakini na mtoto asiye na cheti? Aliogopa watamwambia, huyu ni wako kwa ushahidi gani? Watamtoa mkononi mwake wamweke wanakojua wao. Kwa hiyo alikuwa anamtafuta yule mama wa Jeddah, apate maneno yake kwa maandishi, kwamba mimi fulani nilimpokea mtoto huyu kutoka kwa mama huyu. Akishaipata hiyo, alisema, atakwenda polisi kwa miguu yake na begi kichwani.

Sasa niseme alivyokuwa.

Alikuwa mkali wa kutisha kuhusu uongo. Mtoto akiangalizia jibu kwa mwenzake anasimamishwa ukutani mpaka akiri mbele ya wote. Mtoto mmoja aliwahi kusema ameumwa tumbo kumbe hakufanya kazi ya nyumbani, akaandikishwa "sikuumwa tumbo" mara mia moja. Halafu mtu huyo huyo ndiye aliyeshona sare za shule ambayo haipo.

Ndiyo, sare. Mashati ya bluu ya mawingu, suruali na sketi za kijivu, na mfukoni nembo aliyoidarizi kwa mkono wake, mtende na kitabu. Jina la shule hakuweka. Nikamuuliza mbona haina jina.

"Jina litaulizwa liko mtaa gani," akasema. "Picha hakuna anayeiuliza."

Sababu ya sare ilikuwa safari. Mwalimu aliona watoto wanapauka kwa kukaa ndani. Kulikuwa na mtoto wa miaka saba ambaye Riyadh nzima aliijua kwa dirisha la jikoni. Akawaambia kina mama, watoto watatoka mara moja kwa wiki, wataona vitu, watakimbia. Kina mama wakaogopa. Mtoto mweusi mtaani saa nne asubuhi, siku ya shule, lazima mtu amuulize kwa nini hayuko darasani, na swali hilo likifika kwa asiye na karatasi limefika kwa mama yake. Mwalimu akalifikiria wiki moja, akaja na jibu: wakitoka wavae kama shule. Shule ikitembea haiulizwi kwa nini haiko shuleni.

Gari lilikuwa langu, maana yake la kampuni. Nilikuwa dereva wa basi la kampuni ya usafi. Alfajiri napeleka wafagiaji kwenye majengo, saa tisa nawafuata. Katikati hapo basi linalala Murabba kivulini na mimi nalala ndani yake. Msimamizi wetu Msudani nilikuwa nimemchekesha kiasi kwamba aliacha kuniuliza maswali. Basi nikawa dereva wa shule. Nilijiona mkubwa. Nilinunua miwani.

Tulikwenda makumbusho ya pale Murabba, na hiyo siku sitaisahau. Kulikuwa na shule nyingine ya kweli, watoto sitini, walimu wanne, na yule anayetembeza watu akadhani sisi ni mkia wao. Akatuchukua wote. Watoto wetu wakasikiliza habari za mifupa ya wanyama wa kale, wakagawana juisi na watoto wa wenyewe, Zuhura akajibu swali moja kwa Kiarabu mpaka mwalimu wa ile shule akampigia makofi. Mimi nikatazama nyuma, Mwalimu simuoni. Nikarudi. Nikamkuta amesimama nje ya mlango, kajipachika mabegi kumi na manne, mengine begani mengine mikononi, kama nguo kwenye kamba.

"Mwalimu, ingia."

"Nitawangoja hapa."

"Wewe ndiye mwalimu. Mwalimu anaingia."

Akacheka kidogo kwa aibu, akaingia. Baadaye ndiyo nikaelewa. Miaka sita alipokuwa yaya, alikuwa anampeleka mtoto wa bosi shule, anambebea begi mpaka getini, anasimama. Adhuhuri anarudi, anasimama tena. Shule aliijua kwa nje. Mistari ya watoto wawili wawili, chupa za maji shingoni, nembo mfukoni, kengele. Alichokiona getini ndicho alichotushonea.

Na yeye mwenyewe kusoma? Hapa ndipo nilipomkamata. Siku moja alikuwa anawafundisha kugawanya sehemu, akaishia njiani, akafunga kitabu, akasema tutamaliza kesho. Watoto walipokwenda kula akaja kwangu, akaniwekea kitabu pajani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anaomba dawa: kwenye kugawanya, ile ya pili mnaigeuza au ya kwanza? Nikamwambia ya pili. Akasema ahsante. Nikamwambia, "Mwalimu, na wewe uliishia la ngapi?" Akanitazama. "La tano," akasema, "na ukifungua mdomo utarudi kwenu Tanga kwa miguu." Nikafunga mdomo. Vitabu vyake alivinunua sokoni Batha, vya mitumba, vingine kurasa za mwisho hazimo. Alikuwa anasoma usiku anachofundisha asubuhi. Aliwazidi wale watoto kwa ukurasa mmoja, miaka minne mfululizo, na hakuna hata mara moja waliyomfikia. Aliniita Darasa la Saba mbele ya watu kwa dharau kabisa, na mimi peke yangu nikajua ananionea wivu.

Batha ndiko alikopenda kuwapeleka kwa somo la jiografia. Kina mama walisema ni wazimu, Batha ndiko askari wanakofanya taftishi, msako wa karatasi, ndiko watu wanashikwa kama kuku. Yeye akasema ndiko dunia iliko. Aliwagawa wawili wawili, akawaambia kila jozi isalimie watu wa nchi tano kwa lugha yao, irudi na majina ya miji yao. Watoto walirudi na miji ambayo mimi mpaka leo siwezi kuitamka. Mzee mmoja wa Bangladesh anayeuza kamba za viatu alilia alivyosalimiwa kwa lugha yao. Muda wote huo Mwalimu alikuwa amemshika Zuhura mkono wa abaya, hapa kwenye kifundo. Hakumwachia. Walikuwa na makubaliano yao: wakishikwa, washikwe pamoja.

Kulikuwa na sheria moja ya safari, kubwa kuliko zote, na aliwakaririsha ndani ya basi kila tulipotoka. Anayejibu ni mmoja. Mtu mkubwa akiwauliza kitu, wa kwanza kujibu ndiye amejibu kwa niaba ya shule nzima. Hata akikosea, wengine wanafunga mdomo, hakuna kumrekebisha, hakuna kuongeza. Majibu mawili, alisema, ndiyo yanayomleta askari karibu. Aliwafanyia mazoezi. Mimi nilikuwa najifanya askari, navaa miwani yangu, natembea kati ya viti na kuuliza, nyinyi ni shule gani, mwalimu mkuu nani, kesho mnakula nini. Mmoja anajibu ujinga wowote, na wengine kumi na watatu wanatazama mbele kama masanamu. Walikuwa wazuri. Niliwachekesha mpaka machozi yakawatoka na hakuna aliyefungua mdomo. Zuhura ndiye alikuwa mzuri kuliko wote.

Sasa Jeddah.

Yule mama wa Jeddah alipatikana. Mtu alimwambia mtu, namba ikafika, Mwalimu akapiga, wakalia wote wawili kwenye simu. Yule mama akasema yuko tayari kuandika na kutia kidole, ila ni mgonjwa wa miguu, hawezi kuja Riyadh, aje yeye na amlete mtoto amuone. Mwalimu hakupanda basi la abiria kwa sababu wanataka ikama kukata tiketi. Akanitazama mimi.

Wiki ile ile Msudani akaniambia wafagiaji wangu wana mapumziko ya siku tatu, basi litakaa tu. Nikakimbia Suwaidi kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia Mwalimu, basi lipo, twende. Akafanya jambo alilolifanya siku zote, akaligeuza safari ya shule. Watoto wataona bahari. Kina mama wawili wenye ikama watakuja kusaidia. Mmoja wao alikuwa Mama Warda, mke wa nesi, Mkenya mwenye moyo mpana na maneno machache. Binti yake Warda ni rika la Zuhura, walikuwa wanakaa dawati moja, lakini siku ya safari Warda alikuwa na tetekuwanga, akaachwa nyumbani na baba yake.

Usiku wa kuamkia safari Mama Warda akauliza, njia ni ndefu, watoto wavae nguo zao za kawaida? Tukionekana ni familia tu tunakwenda kutembea si bora? Mwalimu akaonekana anafikiri. Mimi ndiye niliyesema. Nikasema, "Mama Warda, umewahi kuona askari anasimamisha shule? Wavae sare, tutapigiwa saluti." Watu wakacheka. Mwalimu akasema haya, sare.

Nataka uelewe kosa letu, maana hakuna watu wengine duniani wangelifanya. Zile siku tatu shule zote za nchi zilikuwa zimefungwa. Zamani likizo zilikuwa chache, kila mtu anazijua. Siku hizi wamezikata vipande, kila baada ya wiki kadhaa kuna mapumziko. Mtu mwenye mtoto shuleni anajua, maana mtoto yuko nyumbani anamsumbua. Sisi watoto wetu wako nyumbani mwaka mzima. Kwetu kila siku ni shule. Na wale wafagiaji wangu, unajua walikuwa wanafagia nini? Shule. Ndiyo maana walipumzishwa. Basi lilikuwa na nafasi kwa sababu shule zimefungwa, na sisi tukalijaza watoto waliovaa sare. Mimi nilikuwa na habari yote mkononi, sikuisoma.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Watoto waliimba mpaka sauti zikakauka, halafu wakalala, halafu wakaamka wakaanza kuuliza bahari iko wapi. Jangwa, jangwa, ngamia mmoja, jangwa. Mwalimu alikaa kiti cha mbele nyuma yangu, Zuhura dirishani. Nilimsikia anamwambia binti yake habari za yule mama, kwamba ndiye mtu wa kwanza kukushika, kabla yangu. Zuhura akauliza, atanijua? Mwalimu akasema atakujua masikio, hayo hukubadilisha.

Saa nane hivi mchana, kabla ya kufika Taifu, kuna kizuizi. Askari kijana akapunga mkono, nikasimama, akapanda. Uso wake ulikuwa wa kheri kabisa. Akaona sare, akatabasamu. Akasema mashallah. Halafu tabasamu likakaa usoni bila kuendelea, kama mtu aliyekumbuka kitu. Akaniuliza, shule? Nikasema shule. Akasema leo ni mapumziko, hata wanangu wako nyumbani. Shule gani inasafiri na shule zimefungwa?

Basi zima likanyamaza. Walikuwa wanafuata sheria, wanasubiri mmoja ajibu. Mwalimu hakujibu. Askari akaacha kutabasamu, akasema ikama, wote.

Wenye ikama wakatoa. Akaenda kiti kwa kiti, anatazama kadi, anatazama sura. Mama huyu na watoto wake, tamam, yaani sawa. Wengine waliokuwa hawana karatasi walikuwa wadogo, wa miaka mitano, sita, na yule mama wa pili akawakumbatia akasema ni wa dada yake, kadi ziko nyumbani. Askari akaguna, akaandika kitu, akawapita. Akafika mbele. Akamwambia Mwalimu, ikama. Mwalimu akasema, "Mafi," yaani sina. Hivyo tu. Hakujitetea. Askari akamnyooshea kidole Zuhura. Na huyu?

Hapa ndipo nilipofanya nilichofanya. Mimi mdomo wangu unafika kabla yangu, tangu utotoni. Nilikumbuka Mama Warda ana kadi ya Warda kwenye pochi. Nikageuka kwenye kiti, nikasema kwa Kiarabu changu cha barabarani, huyu ni binti wa yule mama pale nyuma, kadi yake ipo.

Mama Warda alichelewa kama pumzi mbili. Halafu akafungua pochi, akatoa kadi. Picha ya Warda ilipigwa akiwa na miaka tisa, mtandio mpaka kwenye nyusi. Askari akaitazama. Akamtazama Zuhura. Zuhura alikuwa amefungua mdomo. Niliuona umefunguka, niliona ulimi unaanza kusema. Halafu akaufunga. Anayejibu ni mmoja, na mmoja alikuwa ameshajibu.

Mwalimu alikuwa na nafasi ya kusema. Nataka niseme hili sawasawa: askari alimgeukia, alimwangalia usoni, akasubiri. Naye akamtazama binti yake, akatazama ile kadi, akanyamaza.

Askari akasema tamam, akaandika jina na namba, akamrudishia Mama Warda kadi.

Wakamteremsha Mwalimu. Alichukua mkoba wake mdogo. Mlangoni akageuka, nikadhani atasema neno kwa Zuhura. Akamwangalia Mama Warda akasema, "Mama Warda, mwanao hajala tangu asubuhi." Akashuka.

Mimi niliandikwa, nikachukuliwa alama za vidole, nikaambiwa niwarudishe watu Riyadh, kampuni yangu itaitwa. Iliitwa. Basi nikanyang'anywa na sasa naendesha lori la maji, ni haki yao. Gari la polisi likaondoka na Mwalimu kuelekea upande wa Jeddah, sisi tukageuza. Kuna katoto nyuma kakauliza, bahari tumeshaiona? Zuhura alikaa kiti kile kile cha dirishani na kile cha pembeni yake hakuna aliyekikalia mpaka Riyadh.

Mimi, na hapa ndipo utakapocheka kama unaweza, njia nzima nilijiona shujaa. Nilisema moyoni, nimemwokoa mtoto. Ilinichukua wiki mbili. Mtu mmoja aliyewahi kupita tarhili, mahali pa kurudishia watu, aliniambia kule mama akiingia na mtoto wanapimwa damu wote wawili. Damu ikikubali wanaandikwa pamoja, wanapanda pamoja. Hakuna hata haja ya barua ya mtu. Alivyoniambia nilikuwa nakula. Niliendelea kutafuna, sijui nilikuwa natafuna nini. Kitu alichokitaka Mwalimu miaka yote kilikuwa kimesimama pale kizuizini, na mimi nikakifungia mlango kwa ulimi.

Kwa nini tusimpeleke Zuhura baadaye? Kila mtu anauliza. Kwa sababu ameshaandikwa kwamba ni Warda. Akienda kusema mimi si Warda, Mama Warda amemdanganya askari kwa kadi ya serikali, na mumewe ana mkataba, na watoto wanne wana ikama zinazoning'inia kwenye mkataba huo. Tulikaa vikao vitatu. Mume wa Mama Warda hakumfokea mtu, alitazama sakafu tu. Zuhura mwenyewe ndiye aliyesema basi, msiende.

Miezi miwili baadaye ikaja simu kwamba Mwalimu anasafirishwa wiki hiyo, anayetaka kumletea begi alete Jeddah. Wanawake walijaza begi. Mimi nikaomba ruhusa, nikapanda basi la abiria na ikama yangu safi.

Kule unangoja nje na mamia ya watu wenye mabegi. Zamu ikifika unaitwa dirishani, dakika chache, kuna wavu. Akaja. Alikuwa amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa kisicho chake. Kitu cha kwanza kuuliza, wamefika wapi kwenye hesabu. Nikamwambia asilimia, Mama Warda anafundisha. Akasema Mama Warda anaharakisha, mwambie asiharakishe.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Niliupanga njiani maili zote zile, mpaka na mahali pa kulia. Nikaanza, nikasema Mwalimu, mimi pale niliropoka. Akanikata.

"Uliropoka. Ulifikiri kabla?"

"Sikufikiri."

"Mimi nilifikiri," akasema. "Usijipe kazi yangu."

Akashika wavu kwa vidole viwili.

"Miaka kumi na tatu hakuna mtu wa serikali aliyemtazama mwanangu na karatasi mkononi. Yule kijana aliishika kadi, akamtazama, karibu aseme tamam. Nikaona, wacha aseme. Nilitaka nisikie. Nikasema moyoni, akishasema ndiyo nitafungua mdomo." Akavuta pumzi. "Akasema. Na mimi nikawa nimeshachelewa."

Akaniambia ameshatia kidole kwenye karatasi yao, wamemuuliza una mtoto nchi hii, akasema sina. Amesema sina mara tatu, kwa watu watatu, kwa ajili ya Mama Warda. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja alivyonunua sokoni. Mlinzi akapita nyuma yake akasema yalla, twende.

"Hili la kufikiri usimwambie Zuhura," akasema haraka. "Anajua ni wewe uliyesema. Mwache ajue hivyo hivyo. Akijua nilikuwa na nafasi, atanichukia mimi, na mimi niko mbali, siwezi kumtengeneza. Wewe uko karibu, akuchukie wewe."

"Mwalimu..."

"Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Akaondoka bila kuaga, begi likapokelewa mlango mwingine.

Sasa ni mwaka na zaidi. Anapiga simu kila Ijumaa kutoka kwao, Zuhura, anayekaa sasa kwa Mama Warda, anaongea naye chumbani, mlango umefungwa. Yule mama wa Jeddah aliandika barua yake, iko kwa Mama Warda ndani ya bahasha, hatujajua tuipeleke wapi bila kuvunja nyumba ya watu. Mara moja kwa mwezi nasimamisha lori la maji pale shuleni Suwaidi, napeleka matunda. Zuhura ndiye anayefungua. Haniamkii. Anapokea mfuko, anatazama mahali fulani begani kwangu, anafunga mlango. Mwezi uliopita nilimsikia nyuma ya mlango, Mama Warda anamuuliza nani huyo, naye akasema, ni yule aliyemwondoa mama yangu.

Nikashuka ngazi.